Kwa nini Mpwapwa ilikua pale ilipo: jibu kwa mwalimu wa historia

Swali: Ninafundisha historia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wamesoma kwamba njia ya kati ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Tabora, ikaishia Ujiji. Mmoja wao aliniuliza kwa nini mji ulikua Mpwapwa, mahali ambapo leo reli haipiti wala barabara kuu haipiti, na kwa nini haukufikia ukubwa wa Tabora au Dodoma. Nilimjibu kwamba ulikuwa kituo cha misafara, lakini mwenyewe sikuridhika na jibu langu. Naomba ufafanuzi.

Jibu: Mwalimu, jibu ulilompa mwanafunzi wako ni sahihi, ila limeishia mlangoni. Kusema kwamba Mpwapwa ilikuwa kituo cha misafara kunazaa swali jingine: kwa nini kituo kiwe pale, wala si siku moja nyuma au siku mbili mbele? Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa njia ya miguu, na katika urefu huo misafara ilipita vijiji visivyohesabika na kupiga kambi usiku baada ya usiku. Kambi nyingi kati ya hizo hazikuacha hata jina. Kwa hiyo njia peke yake haitoshi kueleza kuzaliwa kwa mji. Kwa maoni yangu, mji huzaliwa pale ambapo msafiri analazimika kusimama, akasimama kwa siku kadhaa, na akawa na kitu mkononi cha kununulia anachokihitaji. Mpwapwa ilitimiza masharti yote matatu, na sharti la kwanza lilitokana na maji.

Mwombe mwanafunzi wako afuate safari kwa kidole kwenye ramani. Mpagazi aliyetoka Bagamoyo na mzigo kichwani alivuka kwanza nchi ya chini yenye joto na mito ya pwani, akapita Ukami, kisha akapanda kufuata bonde la mto Mkondoa kuingia milima ya Usagara. Mpaka hapo taabu yake kubwa ilikuwa wingi wa maji: matope, mito iliyofurika na homa. Akishaipa milima kisogo, nchi inabadilika ghafla. Mvua inayoletwa na upepo wa bahari huishia milimani, na upande wa magharibi unabaki mkavu, wenye miiba na vichaka vya rangi ya majivu. Mpwapwa iko hapo hapo kwenye mpaka, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Kiboriani. Vijito vinavyoshuka milimani huzama katika mchanga wa makorongo, na mtu akichimba kidogo anapata maji matamu hata wakati juu ya mchanga pakavu.

Ukiondoka Mpwapwa kuelekea magharibi, baada ya mwendo wa saa chache unafika Chunyo, na maji ya Chunyo yalisifika kwa ubaya wake, yenye chumvichumvi, yakiwadhuru wanyama na kuwachosha watu. Baada ya Chunyo palikuwa na pori ambalo wasafiri waliliita Marenga Mkali. Neno la kwanza ni la lugha za huko na maana yake ni maji. La pili ni Kiswahili chetu. Pori hilo lilikuwa na upana wa zaidi ya kilomita 40 bila maji ya kutegemewa, na ng'ambo yake ndiko Ugogo ulikoanzia. Kwa mtu anayesafiri kwa gari leo, umbali huo haufiki hata saa moja. Kwa mpagazi aliyebeba frasila mbili za pembe za ndovu, yaani karibu kilo 32, pamoja na mkeka wake, chungu chake na silaha yake, hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Lugha ya misafara ilikuwa na neno maalumu kwa ajili ya kuvuka mahali kama hapo: tirikeza, ambalo wengine walilitamka terekeza. Kwa kawaida msafara uliondoka alfajiri, ukatembea mpaka jua linapokuwa kali, kisha ukapiga kambi penye maji. Siku ya tirikeza mambo yaligeuzwa. Asubuhi watu hawakuondoka, bali walipika, wakala wakashiba, na kila mmoja akajaza kibuyu chake mpaka mdomoni. Baada ya adhuhuri kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alitoa ishara, mizigo ikainuliwa, na msafara ukaingia porini wakati wa joto kali, jambo ambalo siku nyingine yoyote wangelilaani. Walitembea mpaka giza, wakalala palepale njiani pasipo kupika kwa sababu maji ya kupikia hayakuwapo, kisha wakaamka kabla ya mapambazuko na kuendelea, ili jua la siku ya pili litakapokuwa la utosini wawe wamefika kwenye visima vya upande wa pili. Kwa namna hiyo walipunguza saa za kutembea juani wakiwa na kiu. Ni hesabu ya watu waliojua kazi yao, na ninapenda wanafunzi waielewe hivyo, kwa sababu mara nyingi wapagazi wanasimuliwa kana kwamba walikuwa umati tu uliosukumwa mbele.

Hesabu hiyo ilihitaji maandalizi, na maandalizi yalifanyika Mpwapwa. Anayetaka kuvuka Marenga Mkali hawezi kufika jioni na kuondoka asubuhi. Wagonjwa lazima wapate nafuu au waachwe. Mizigo iliyolowa mtoni lazima ianikwe na kufungwa upya. Punda wenye vidonda mgongoni lazima wapumzishwe, na wapagazi waliotoroka milimani lazima watafutiwe watu wa kushika nafasi zao. Juu ya yote, lazima kitafutwe chakula cha siku kadhaa, na chakula chenyewe hakikuuzwa kikiwa unga.

Hapo inafaa tutazame kwa karibu. Kiongozi wa msafara hakuwapikia watu wake kutoka chungu kimoja. Aliwagawia posho, na posho ilikuwa kitambaa au shanga, ambavyo kila mpagazi au kila kundi dogo la wapagazi lilivipeleka kijijini kubadilishana na mtama au mahindi. Kitambaa kilichopendwa zaidi kilikuwa merikani, ile pamba nyeupe iliyopata jina lake kutokana na Marekani ilikotoka, na baada yake kaniki ya buluu. Kilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: mikono minne ilifanya shuka moja, na shuka mbili zilifanya doti. Kwa kuwa mikono ya watu hailingani, ni rahisi kuona kwa nini ubishi wa kupima ulikuwa sehemu ya biashara ya kila siku. Shanga nazo zilikuwa na taabu yake, kwani rangi iliyopendwa katika nchi moja ilikataliwa katika nchi ya jirani, na mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa amebeba mawe. Nafaka ikishapatikana, bado ilibidi itwangwe na kusagwa, na kazi hiyo peke yake ilikula siku nzima. Neno posho, ambalo leo tunalitumia kwa fedha anazolipwa mtumishi akiwa safarini, limetoka kwenye kazi hiyo hiyo ya kumwezesha msafiri kula.

Ukijumlisha mahitaji hayo, utaona kwamba msafara wa watu mia tano uliosimama siku tatu ulikuwa soko kamili lililokuja lenyewe mpaka mlangoni kwa mkulima. Wenyeji wa Mpwapwa na vijiji vya jirani hawakuhitaji kusafiri ili kuuza. Walihitaji kulima zaidi ya walichokula wao, kufuga, kukamua na kurina asali, kisha kungoja. Henry Morton Stanley, ambaye alipita hapo mwaka 1871 akimtafuta David Livingstone, aliondoka Bagamoyo mwishoni mwa Machi na kufika Mpwapwa katikati ya mwezi wa Mei, baada ya kupambana na masika njia nzima. Aliisifu Mpwapwa kwa wingi wa vyakula, yakiwemo maziwa, mayai na asali. Huko nyuma punda wake wengi walikuwa wamekufa, na hapo Mpwapwa aliajiri wapagazi wengine wabebe mizigo iliyobaki bila mbebaji. Alimwacha pia mmoja wa wasaidizi wake, baharia Mskoti aliyeitwa William Farquhar, ambaye alikuwa mgonjwa asiyeweza kuendelea. Farquhar alifia Mpwapwa siku chache baadaye. Pamoja na masikitiko ya kisa hicho, tunaona ndani yake kazi zote za kituo: kula, kuajiri, kupumzika, na kuwaacha wasioweza kuendelea.

Sababu nyingine ya kusimama ilikuwa ya kisiasa. Ng'ambo ya Marenga Mkali, watemi wa Ugogo walimiliki visima, na kila mmoja alidai hongo kabla msafara haujachota maji na kupita. Leo hongo ni neno la aibu, maana yake rushwa. Wakati ule lilikuwa jina la ushuru wa njia, uliotozwa waziwazi na kujadiliwa mbele ya watu, pengine kwa siku kadhaa, mpaka idadi ya doti na shuka ikakubaliwa. Mtemi wa Mvumi alikuwa miongoni mwa waliojulikana zaidi kwa uzito wa madai yao. Wafanyabiashara wa Zanzibar na wasafiri wa Kizungu waliwalaumu sana watemi hao katika maandishi yao, na vitabu vyetu vimerithi lawama hiyo bila kuipima. Mimi naona mtu anayechimba kisima katika nchi kavu, akakitunza, kisha akaona watu mia tano na mifugo yao wanakuja kukikausha kwa siku moja, ana haki ya kudai malipo. Kwa vyovyote, msafara mdogo uliokwenda peke yake ulikuwa dhaifu katika mazungumzo hayo, na ulikuwa dhaifu zaidi mbele ya wavamizi wa njiani. Ndiyo sababu misafara ilingojana upande wa Mpwapwa na Chunyo ili kuvuka pamoja. Stanley mwenyewe aliungana na wafanyabiashara wa Kiarabu kabla ya kuingia porini, na kwa pamoja wakawa kundi la mamia ya watu. Kungojana huko kuliongeza siku za kukaa, na kila siku iliyoongezeka ilikuwa faida kwa mwenye ghala la mtama.

Hapa lazima nirekebishe mambo mawili ambayo nimeyakuta mara nyingi katika majibu ya wanafunzi. La kwanza ni kwamba Mpwapwa ilianzishwa na Waarabu au na Wazungu. Vijiji vilikuwepo kabla ya wote hao, vikiwa na mashamba, mifugo na nyumba za tembe zenye paa bapa la udongo, na wakazi wake walikuwa mchanganyiko wa Wagogo na watu wa milimani wa Ukaguru na Usagara. Isitoshe, Wanyamwezi ndio waliokuwa wakipeleka pembe pwani tangu mwanzoni mwa karne ya 19, kabla wafanyabiashara wa pwani hawajazoea kwenda bara wenyewe. Wageni waliikuta njia inayotembewa, wakaipanua. La pili ni kwamba kila aliyebeba mzigo katika njia ya kati alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa watu huru waliolipwa ujira, wakajivunia kazi yao, na kijana wa Kinyamwezi alihesabiwa mwanamume kamili aliporudi kutoka pwani. Hilo halifuti ukweli mwingine mchungu, kwamba watu waliotekwa bara walipitishwa Mpwapwa wakiwa wamefungwa, wengine wamebebeshwa pembe, na kwamba hata baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa mwaka 1873 biashara hiyo haikukoma mara moja. Mwalimu, naomba yafundishwe yote mawili, kwa kuwa yalipita katika njia moja na pengine katika msafara mmoja.

Mwanafunzi wako anaweza kuuliza pia kwa nini mizigo ibebwe na watu, wakati mahali pengine duniani walitumia magari ya ng'ombe. Mpwapwa ina jibu la wazi kwa swali hilo. Mwaka 1876 wamisionari wa Kianglikana wa CMS, wakiwa njiani kuelekea Uganda, waliichagua Mpwapwa kuwa kituo chao cha katikati, na kuanzia mwaka 1878 kikakaliwa na wamisionari wa kudumu. Mmoja wa watu wa CMS, mhandisi Mskoti Alexander Mackay, alipewa kazi ya kufungua barabara ya magari kutoka Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, mpaka Mpwapwa. Mwaka 1877 yeye na watu wake walikata miti, wakasawazisha kingo za mito na kupasua njia ya karibu kilomita 370. Barabara ilikamilika, ng'ombe ndio walioshindwa. Mbung'o waliojaa katika mapori ya njiani waliwaambukiza nagana, nao wakafa mmoja baada ya mwingine wakiwa bado na nira shingoni. Wamisionari wa London Missionary Society walijaribu njia hiyo hiyo kwa magari ya ng'ombe na kupata hasara hiyo hiyo. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharimia jaribio la ajabu zaidi: tembo wanne waliofunzwa kazi waliletwa kutoka India, wakashushwa pwani karibu na Dar es Salaam na kutembezwa kwenda bara kupitia Mpwapwa. Hawakuishi muda mrefu. Baada ya majaribio hayo yote, mzigo ulirudi mahali ulipokuwa, kwenye kichwa na bega la mpagazi, na maadamu mzigo ulibebwa na mtu anayekula na kunywa, Mpwapwa iliendelea kuwa na kazi.

Umuhimu huo haukuwapita watawala. Wajerumani walipoanza kuichukua nchi kupitia kampuni yao ya Afrika Mashariki, waliweka kituo Mpwapwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1880, kwani aliyekaa hapo aliona kila msafara ulioingia na kutoka. Kwa sababu hiyo hiyo kituo hicho kilikuwa shabaha ya waliowapinga. Vita vya Abushiri bin Salim vilianzia Pangani mwaka 1888, na watu hudhani viliishia pwani. Lakini mwaka 1889 Abushiri alipobanwa pwani alikwenda bara na kukishambulia kituo cha Mpwapwa, umbali wa wiki kadhaa za kutembea. Mtu mwenye maadui nyuma yake hawezi kwenda mbali hivyo kwa jambo dogo. Alijua kwamba kuikata Mpwapwa ni kuikata njia. Hermann von Wissmann, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, alifika baadaye mwaka huo huo na kujenga boma imara zaidi, na mwezi wa Novemba Stanley akapita tena, mara hii akitoka bara pamoja na Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan, kuelekea Bagamoyo. Abushiri alikamatwa na kunyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Mpwapwa sasa ilikuwa na jambo jipya: bendera, askari, na ofisa ambaye watu walilazimika kumwendea kwa kesi na baadaye kwa kodi.

Nimefika kwenye sehemu ya pili ya swali lako, nayo ni habari ya reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baada ya Kilosa iliifuata njia ya zamani ya misafara katika bonde la Mkondoa, lakini ilipokaribia Mpwapwa haikupanda. Mhandisi wa reli hutafuta mteremko mdogo, na mteremko huo ulikuwa katika bonde la mto Kinyasungwe, kusini mwa mji. Kwa hiyo stesheni iliwekwa Gulwe, chini ya kilomita 25 kutoka Mpwapwa, na treni ikaendelea na safari zake. Bonde hilo lilikuwa rahisi kulijenga lakini limekuwa gumu kulitunza, kwani mpaka leo mafuriko hubomoa tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, kama yalivyofanya mwanzoni mwa mwaka 2010.

Kilichoidhoofisha Mpwapwa zaidi, hata hivyo, hakikuwa umbali wa stesheni. Hata kama reli ingepita katikati ya soko, sababu ya kusimama ilikuwa imekwisha. Mtu na punda ndio waliotishwa na Marenga Mkali. Injini ya mvuke hujaza tangi lake na kulivuka pori lile kwa saa chache, na abiria wake hahitaji kununua mtama wala kutafuta wenzake wa kuvuka nao. Msafara ulisimama siku tatu, treni ilisimama dakika chache. Gulwe inathibitisha jambo hilo vizuri, kwa kuwa imekuwa na stesheni kwa zaidi ya miaka mia moja na bado ni mahali padogo kuliko Mpwapwa iliyonyimwa reli. Kongwa, jirani wa kaskazini, ilipata hata tawi lake la reli kutoka Msagali wakati wa mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Mradi ulianguka katika miaka michache na reli yenyewe ikang'olewa baadaye.

Basi kwa nini Mpwapwa haikufa, kama zilivyokufa kambi nyingine za njia ile? Kwa sababu ilikuwa imepata kazi nyingine kabla ya ile ya kwanza haijaisha. Boma lilibaki, na kwa boma kukabaki mahakama, ofisi na maduka. Mwaka 1905, mwaka ule ule ambao reli ilianza Dar es Salaam, Wajerumani walianzisha Mpwapwa kituo cha utafiti wa mifugo. Uamuzi huo ulikuwa na sababu: miaka kumi na tano tu kabla yake sotoka ilikuwa imeteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki, na nchi ya Ugogo inaishi kwa ng'ombe. Waingereza waliendeleza kituo hicho baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaifanya Mpwapwa kuwa makao ya idara yao ya mifugo. Hapo ndipo palipofanyika, katika miaka ya 1930, majaribio ya kupima jinsi mvua inavyochukua udongo kwenye ardhi tupu ikilinganishwa na ardhi yenye nyasi. Hapo pia ndipo alipozalishwa ng'ombe anayeitwa kwa jina la mji huo. Ng'ombe wa Mpwapwa alipatikana kwa kuchanganya ng'ombe wa asili wa Tanganyika na Boran, pamoja na Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi, na damu kidogo ya Ayrshire, na akatambuliwa kuwa mbegu kamili mwaka 1958. Ongeza hapo shule na chuo cha ualimu, ambacho kimewapeleka walimu katika kila pembe ya nchi hii, na utaona kwamba watu waliendelea kuja Mpwapwa, ila sasa walikuja kwa mwaka mzima wa masomo au kwa ajira ya miaka mingi.

Kulinganisha na Tabora na Dodoma sasa ni rahisi. Tabora ilikuwa njia panda: hapo njia iligawanyika kwenda Ujiji magharibi, Karagwe na Buganda kaskazini, na nchi za shaba kusini-magharibi. Wafanyabiashara walikaa huko kwa miaka, wakajenga nyumba na kulima mashamba, na wapagazi wenyewe walikuwa wenyeji wa nchi hiyo. Reli ilipokuja iliikuta njia panda hiyo, nayo ikagawanyika hapo hapo kwenda Mwanza na Kigoma. Mpwapwa haikuwa njia panda bali mlango, na mlangoni watu husimama lakini hawahamii. Dodoma ni kisa tofauti kabisa. Wakati wa misafara haikuwa kituo kikubwa hata kidogo. Ni mji wa reli, uliokuzwa na stesheni na ofisi za kikoloni, na baadaye na uamuzi wa mwaka 1973 wa kuufanya makao makuu ya nchi.

Kama una nafasi ya kuwapeleka wanafunzi wako, ushauri wangu ni kwamba usianzie kwenye jengo lolote. Anzia korongoni wakati wa kiangazi, uwaombe wachimbe mchanga mpaka maji yatokee, kisha mwende upande wa Chunyo mpaka mahali ambapo nchi inafunguka kuelekea magharibi. Mwambie kila mmoja ainue kitu cha kilo 32, au wakiwa wadogo nusu yake, na atembee nacho dakika kumi saa nane mchana. Baada ya hapo wataielewa ramani kwa namna nyingine. Waeleze pia kwamba mwaka 2006 Tanzania iliiweka Mpwapwa, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO kwa ajili ya njia hii. Wakiuliza kwa nini Kilimatinde nayo imo katika orodha hiyo, waonyeshe kwenye ramani kwamba iko upande ule mwingine wa Ugogo, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, kabla ya pori jingine refu la kuelekea Unyamwezi, na uwaache watafute wenyewe maji yalikuwa wapi.